Akiondoka Fundi, Mtandao Unakatika

Jumamosi, ghorofa ya tatu ya soko la vifaa vya umeme la Taipei, watu wamebanana hata ukidondosha simu haifiki chini. Pei-lan alikuwa ameshakanyagwa mara tatu, na mzee mmoja aliyekumbatia skrini mpya alikuwa amempiga kumbo bila kuomba radhi. Sketi yake ya rangi ya haradali, aliyoipiga pasi asubuhi kwa makini, ilikuwa imelowa mvua pindoni. Vibanda vinne alishauliza, na vyote vinne vilimwambia neno lilelile: chukua hiki, weka chumbani, kazi imekwisha.

Kibanda cha tano kilikuwa na mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, shati la buluu limekunjwa mikono, bisibisi iko mfukoni pale ambapo wengine huweka kalamu. Hakumwita mteja. Alikuwa anakula vipande vya mapera kwa kijiti, ametulia kana kwamba yuko kwake sebuleni.

"Bosi," Pei-lan alisema, "nataka kifaa cha kuongeza waifai. Na usiniambie niweke chumbani kazi imekwisha, hiyo nimeshaisikia."

"Chumbani mtandao unashika?"

"Ungeshika ningekuja kukanyagwa huku?"

"Basi ukiweka chumbani kitaongeza nini?" Alichoma kipande kingine cha pera. "Hiki kinaongeza kilichopo, dada. Pasipo na kitu kitakuongezea hichohicho kisichokuwepo. Hebu niambie nyumba ilivyo."

Pei-lan akaeleza, na kama kawaida yake mikono ikaanza kusema pamoja na mdomo: hapa ghorofa ya nne kwa Bibi, ruta iko kando ya madhabahu ya wahenga, hapa ngazi, hapa juu ya paa chumba chake cha mabati, mlango wa chuma. Alipomaliza alimkuta yule bosi ameacha kula, anaitazama mikono.

"Unacheka nini?"

"Sicheki. Nimeiona nyumba nzima. Mpaka ngazi nimezipanda."

"Ndiyo kazi yangu. Mkalimani wa lugha ya alama. Kiziwi akifika hospitali, daktari anapiga simu ya video, natokea mimi." Pei-lan alishusha pumzi. "Naanza Jumatatu. Wiki mbili za majaribio, na wameandika kabisa: picha ikiganda mara tatu, tunaagana. Miaka sita nimeisomea kazi hii, bosi. Siwezi kumwaga unga kwa sababu ya mabati."

"Mbona usivute waya?"

"Waya utapita juu ya madhabahu. Bibi amesema hakuna kitakachopita juu ya kichwa cha Babu."

"Babu ana haki." Mwanamume alifuta vidole, akachukua kiboksi cheupe kutoka rafu ya nyuma. "Hiki sikuuzii ukabebe. Nakuja kesho kukifunga mwenyewe. Naitwa Bo-yan. Nikifunga mimi, imefungwa."

Wanaume wa kujisifu Pei-lan aliwajua wengi. Huyu alikuwa wa kwanza kumfanya asahau mwavuli wake dukani.

Jumapili Bo-yan alifika na mwavuli ule mkononi, soksi safi, nywele zimechanwa upande. Alivua viatu, akamwinamia Bibi, akaiinamia na picha ya Babu, kisha akaanza kupanda ngazi moja baada ya nyingine, macho kwenye simu, anapima mawimbi. Juu kabisa alisimama. Mlango wa chumba ulikuwa wa chuma na kuta mabati matupu, ila juu ya mlango palikuwa na kidirisha cha hewa, upana wa sinia.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo mtandao unapovuta pumzi ya mwisho kabla mabati hayajaumaliza. Tunaudaka hapahapa."

Akakifunga kifaa kwa ndani, nyuma ya kidirisha, akamtuma Pei-lan chini akabonyeze kitufe cha ruta, naye akabonyeza cha kifaa kabla dakika mbili hazijapita. Taa ikawa nyekundu. Ikawa ya manjano, ikapepesa. Pei-lan akapanda mbio, Bibi nyuma yake, na wote watatu walikodoa macho kama watu wanaosubiri chai ichemke. Ikawa kijani.

"Eeeh!" Pei-lan alipiga makofi.

Bibi hakupiga makofi. Bibi alikuwa na miaka sabini na minane na aproni ya maua, na alishaona mashine nyingi zikianza vizuri. Alishuka jikoni, akarudi na pakiti ya kijani ya bisi za mahindi zenye ladha ya nazi. "Fundi, na hii je?"

Bo-yan alisimama wima. Pakiti ile haina mchezo. Mji mzima unajua: kompyuta za benki, mashine za hospitali, vibanda vya tiketi vya treni, vyote vina pakiti ya kijani pembeni ili mashine itulie isifanye ukorofi. Lazima iwe ya kijani, isiwe imefunguliwa, isiwe imepitwa na tarehe. Cheka ukitaka, mimi ninayesimulia ninayo juu ya friji, na friji ina mwaka wa kumi na nne.

Bo-yan alisoma tarehe. "Nzima. Bibi, wewe kazi unaijua kuliko mafundi." Akaifunga kwa uzi, akaining'iniza katikati ya kidirisha, uso wa pakiti ukiitazama ruta kule chini, kwa heshima zote. Bibi akaridhika. Pei-lan akaridhika. Na Bo-yan, alipopewa kikombe cha chai, alikaa saa nzima kukinywa.

Jumatano simu ikalia kibandani.

"Bosi, imeganda."

"Haiwezekani."

"Daktari amebaki mdomo wazi kwenye skrini nusu dakika, mpaka nimehesabu meno. Moja hiyo, Bo-yan. Nimebakiwa na mbili."

"Nakuja."

"Huna mteja?"

"Alikuwepo. Amesikia nikisema nakuja, ameshaondoka."

Alipanda juu, akaishusha pakiti apate nafasi ya mikono, akakifunua kifaa. Alikuta mitandao ya majirani kumi na wanane inasukumana kwenye njia moja, akakihamishia njia yenye nafasi. Wakajaribu saa nzima, Pei-lan akiongea kwa video na binamu yake Yu-fen. Picha haikutikisika hata nywele. "Umeona? Sasa imefungwa," alisema Bo-yan, akairudisha pakiti kidirishani, akainyoosha vizuri. Bibi akaleta ya pili. "Moja imeelemewa," alisema, na hakuna aliyembishia.

Siku hiyo walikula tambi za nyama ya ng'ombe mezani kwa Bibi, na kuanzia hapo simu zikawa hazina habari ya mafundi tena.

"Mtandao umeamkaje?" Bo-yan aliuliza kila asubuhi.

"Umeamka salama. Na mwenye mtandao pia kaamka salama."

"Sikumuuliza mwenye mtandao."

"Ndiyo maana najibu bila kuulizwa."

Wakaenda kuendesha baiskeli kando ya mto, Bo-yan na fulana ya mistari, Pei-lan na kofia pana iliyotaka kupeperuka na akakataa kuivua. Alimfundisha alama za mikono: chai, uchovu, njaa, mapenzi, uongo. Bo-yan alichanganya njaa na mapenzi, au alijifanya kuchanganya, maana alirudia kosa lilelile mara nne huku anamtazama usoni.

"Unanichokoza wewe."

"Mimi? Nina njaa tu, mpenzi."

Basi tusidanganyane. Jumamosi iliyofuata Pei-lan alipiga simu akasema taa imekuwa nyekundu. Taa ilikuwa kijani kibichi, haijapepesa tangu Jumatano ile. Alikuwa amemkumbuka tu, hakujua namna nyingine ya kumwita fundi nyumbani kwa Bibi bila sababu. Bo-yan alifika mbio, akazishusha pakiti zote mbili, akakitazama kifaa kwa muda, akabonyezabonyeza, akasema, "Sasa kiko sawa." Akala chakula cha mchana, akatundika pakiti, akaondoka anapiga mluzi. Bibi, aliyeamini kweli kimeharibika, akaongeza ya tatu.

Jumanne ikaja.

Simu ilitoka hospitali ya pwani ya mashariki. Mama kiziwi, mtoto anachemka homa. Pei-lan, ndani ya blauzi nyeusi tupu ya kazi ili mikono ionekane, alikuwa anamfasiria daktari, na mama alikuwa ameanza kueleza dawa iliyowahi kumvimbisha mtoto uso. Mkono wa mama ukapanda. Ukabaki hapohapo hewani. Picha imeganda.

Sekunde arobaini. Iliporudi, muuguzi alikuwa ameshashika sindano na mama analia, mikono yake inapaaza sauti ambayo mle chumbani hakuna aliyeisikia. "Simama!" Pei-lan alipiga kelele. "Dawa hiyo hapana! Hapana!" Muuguzi akasimama. Mtoto akapona. Lakini Pei-lan alikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Msimamizi wake, Bi Fang, hakumgombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Pei-lan, mikono yako sina shaka nayo. Nyumba yako ndiyo niliyo na shaka nayo. Mara moja tena, basi."

Yu-fen, binamu, alisikiliza kisa chote huku anamenya balungi. "Shoga, hebu hesabu. Anakuja, kinapona. Anaondoka, kinakufa. Anakula kwa Bibi, anapiga mluzi. Mwanamume huyo ana lake jambo. Anakiachia kidonda kidogo ili arudi kukifunga."

Laiti Pei-lan angecheka. Hakucheka. Lile wazo lilimkaa kwa haraka mno, na sababu ya kumkaa kwa haraka aliijua, ila hakutaka kuitazama. Akapiga simu.

"Mpenzi," Bo-yan alipokea, sauti imejaa furaha, "leo nimeota..."

"Unakiharibu makusudi?"

Nyuma yake soko lilikuwa linanguruma. "Unasemaje?"

"Kila ukija kinafanya kazi. Kila ukienda kinakatika. Mtoto wa watu amekaribia kuchomwa dawa mbaya, Bo-yan! Kama ulitaka kuja kula, si ungesema tu? Kazi yangu ndiyo uifanye chambo?"

"Pei-lan, miaka kumi na miwili niko hapa sokoni. Sijawahi kumwachia mtu kazi mbovu. Hata adui yangu."

"Basi eleza."

"Siwezi kueleza. Sijui kwa nini kinakatika." Sauti yake ilishuka. "Na wewe ndiye unaniambia hivi?"

"Ndiyo, mimi."

"Haya." Neno jingine lilimfika mdomoni, akaamua kulimeza. "Tafuta fundi mwingine, dada. Nakutakia heri na kazi yako."

Dada! Baada ya wiki ya mpenzi, amerudishwa kuwa dada. Pei-lan alitupa simu kitandani, akalia, kisha akajikasirikia kwa kulia.

Siku tatu hawakuongea. Ijumaa saa mbili asubuhi, zikiwa zimebaki saa mbili kabla ya kikao ambacho Bi Fang mwenyewe angekitazama, Pei-lan alimwita Yu-fen kwa video kupima mtandao. Picha ilikuwa ya kusuasua lakini inakwenda. Mlangoni Bibi alikuwa amepanda kigoda, ana pakiti ya nne mkononi.

"Bibi, utaanguka."

"Umemfukuza fundi. Angalau hiki kifaa kisikukimbie."

"Sikumfukuza, ali..." Pei-lan aligeukia skrini. Yu-fen alikuwa ameganda, jicho moja limefumba. "Bibi! Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Nimetundika tu."

"Itoe."

Bibi akaitoa. Yu-fen akafumbua jicho: "...ndiyo nikamwambia..."

"Itundike tena."

Yu-fen akaganda.

"Toa zote. Zote nne, Bibi."

Wee! Picha ikafunguka kama dirisha lililofutwa vumbi. Pei-lan aliweza kuona mpaka punje ya wali kwenye kidevu cha Yu-fen. Akakwapua pakiti moja, akachukua mkasi.

"Usithubutu!" Bibi alishika kifua. "Haifunguliwi hiyo!"

Ameshaikata. Bisi zikamwagika sakafuni, na ndani ya pakiti mlikuwa na rangi ya fedha inayong'aa, ngozi nyembamba ya madini kila upande. Kuta za mabati, mlango wa chuma, kidirisha kimoja tu cha kupitishia mtandao, na katika kidirisha hicho wamekaa karibu wiki mbili wakitundika karatasi za chuma, moja, mbili, tatu, kwa heshima. Upepo wa ngazini ukizizungusha ubavu, mtandao unapita. Zikigeuka zikatazama mbele, mtoto wa watu anashikiwa sindano. Na kila mara Bo-yan alipokuja alizishusha kwanza ndipo akapima.

"Bibi," Pei-lan alisema taratibu, "si yeye."

"Nani alisema ni yeye?"

Pei-lan akaanza kuokota bisi. Wakakubaliana pakiti tatu zilizobaki zikae sakafuni chini ya kigoda, mbali na kidirisha, zitazame ukuta. Bibi aliziomba radhi moja moja.

Saa nne kikao kilianza. Mgonjwa alikuwa seremala mzee kiziwi aliyeongea kwa mikono haraka kama anapiga randa, na Pei-lan alimfuata neno kwa neno dakika hamsini, wala picha haikukonyeza. Mwisho Bi Fang alitokea kwenye kona ya skrini. "Karibu kazini," alisema. "Na nyumba yako pia."

Kwa nini basi hakurukaruka? Kwa sababu neno zuri lile lilimfika na hakuwa na wa kumwambia kwanza ila mtu mmoja. Alishuka ngazi na blauzi yake nyeusi ya kazi, viatu amevivaa kisigino kimekanyagwa, akapanda treni ya chini kwa chini mpaka sokoni.

Bo-yan alikuwa anamfungia mteja ruta. Alimwona, akaendelea kufunga. Mteja alipoondoka alifuta kaunta isiyokuwa na vumbi.

"Karibu, dada. Unahitaji nini?"

"Ni pakiti," Pei-lan alisema.

"Pakiti gani?"

"Ya kijani. Ndani ni chuma. Ilikuwa inaziba kidirisha."

"Shhh!" Bo-yan aliangaza kushoto na kulia. Kila kibanda, juu ya kila mashine, pakiti ya kijani imesimama. "Hapa usiseme kwa sauti, watatufukuza wote." Kisha maana ikamwingia. Alikaa kwenye kiti polepole. "Mimi ndiye niliyeitundika."

"Ndiyo."

"Kwa mkono wangu. Nikainyoosha." Alifunika uso. "Miaka kumi na miwili, Pei-lan. Najua chuma kinavyoua mawimbi kuliko ninavyolijua jina langu. Na yule mtoto..."

"Mtoto ni mzima. Nami kazi nimeipata, leo hii." Alivuta pumzi. Huku nyuma watu wanamsukuma, hakujali. "Sikiliza, sijaja kukusuta. Jumamosi ile nilipokuita, taa haikuwa nyekundu. Ilikuwa kijani. Nilidanganya ili uje. Ndiyo maana Yu-fen aliponiambia una ujanja niliamini upesi. Ujanja ulikuwa wangu, nikakuvisha wewe."

Bo-yan aliondoa mikono usoni. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kile kifaa kinaandika kila kinapokatika. Siku na saa. Jumamosi ile nilisoma: hakikuwa kimekatika hata mara moja tangu Jumatano."

Pei-lan alihisi masikio yanawaka moto. "Ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeniita tena?"

"Na juzi! Nilipokutukana kwenye simu! Ungeweza kunirudishia pale pale, ukanifunga mdomo."

"Ningekuaibisha." Alitazama pembeni. "Iliniuma, Pei-lan. Usidhani haikuniuma. Siku tatu sijala vizuri. Lakini nikasema, mtu aliyedanganya ili anione, sitamfanya ajutie hilo."

Hapo ndipo Pei-lan alipolia, katikati ya soko, na mama mmoja aliyekuja kununua waya akaondoka kwa adabu. "Nisamehe," alisema. "Nakupenda, mjinga wewe. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu ngazi ya umeme. Nilikuona unapanda na viatu hivyo." Akamshika mkono juu ya kaunta, mbele ya majirani zake wote wenye vibanda. "Nakupenda pia. Jumapili upo?"

"Nipo. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Jumapili kengele ililia saa sita kasoro. Bibi alifungua na mwiko mkononi. Mlangoni alisimama Bo-yan ndani ya suti ya kijivu ambayo mabega yake hayakuizoea, kasha la chai nzuri mkono mmoja, boksi la matunda mkono wa pili, bisibisi haipo. Nyuma yake walikuwa baba yake na mama yake, nao wamevaa vizuri, wanatweta kwa ngazi.

Bibi aliwatazama wote watatu, akainua macho kuelekea juu kwenye paa, akashtuka.

"Ala! Kimeharibika nini tena?"

"Hakijaharibika kitu, Bibi," Bo-yan alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aijue nyumba ile sauti ilimtetemeka. "Leo nimekuja bila sababu nyingine. Nimekuja kumwomba Pei-lan."

Pei-lan alikuwa amesimama katikati ya ngazi, nywele mbichi, taulo begani, haamini. Bibi alimgeukia, akamsoma uso mara moja tu, hakuhitaji kuuliza.

"Basi vueni viatu," aliwaambia wageni. "Chakula kinapoa."